Miche ya Sebuleni

Mwaka ule mvua za masika zilishika mapema Aprili, na wiki ileile Stephania aliyasukuma makochi ya mumewe mpaka ukutani, akaigeuza sebule kuwa kitalu cha nyanya. Hakuomba ruhusa. Dirisha la sebule ndilo pekee lililotazama mashariki bila kuzibwa na paa la jirani, na mche wa nyanya hauna habari na heshima ya makochi. Unataka mwanga.

Makochi yenyewe Marcelo aliyanunua enzi zake za ushirika, alipokuwa karani wa mizani na wakulima wa pamba wakimwamkia kwa kuinama. Yalikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma mgongoni na kwenye mikono, na tangu yaingie ndani hayakukaliwa na mtu yeyote isipokuwa wageni wa maana. Wageni wa maana katika nyumba ile walikuwa adimu. Stephania aliona kwamba chumba kizima kilikuwa kimetunzwa miaka yote hiyo kwa ajili ya watu wasiokuja.

Vyombo hakununua hata kimoja. Alikusanya makopo ya majarini yaliyotupwa nyuma ya migahawa ya stendi, akayatoboa chini kwa msumari uliopashwa moto. Makopo yalipokwisha, alikunja magazeti ya zamani kuzunguka chupa ya soda, akapata vikombe vya karatasi ambavyo vingeoza vyenyewe ardhini pamoja na mche ndani yake. Udongo mweusi wa mbuga ulioizunguka nyumba yake hakuugusa, kwa kuwa ukilowa unanata kama gundi na ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Alichukua udongo wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni, akauchanganya na samadi iliyokwisha kuoza, kisha akaukaanga kidogo kidogo kwenye debe mpaka ukatoa mvuke, ili kuua ukungu unaoikata miche shingo ikiwa bado michanga. Mbegu alizikamua kutoka kwenye nyanya zilizoiva mno, ambazo wachuuzi wa sokoni walikuwa wanazimwaga. Aliziacha zichache kwenye kikombe mpaka ule utelezi wake ukaachia, akaziosha, akatupa zilizoelea, akazianika kivulini.

Siku alipokuwa akipanga makopo mezani, Nyanjige, jirani wa upande wa kisimani, alipita na ndoo kichwani akachungulia mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," alisema, akimwamkia mama mwenye nyumba kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Hee! Kuna mgonjwa gani humu? Mbona udongo umelazwa ndani?"

"Ni miche."

"Miche inalala sebuleni? Na usiku unaifunika blanketi?"

"Usiku kuna joto la kutosha."

Nyanjige alitua ndoo ili acheke vizuri. "Sisi nyanya tunamwaga nje, mayu. Mungu anaotesha."

"Na kuku wanakula."

"Wanabakiza."

"Mwaka jana walibakiza ngapi?"

Nyanjige alifikiri. "Mwaka jana kulikuwa na mvua ya mawe," alisema, kana kwamba jambo hilo lilikuwa linamtetea yeye.

Stephania alirudi kwenye makopo yake. Alikuwa amefanya kazi ya ubibi shamba miaka mingi, akizunguka kwa baiskeli kutoka Zagayu hadi vijiji vya mbugani, akifundisha nafasi kati ya shina na shina. Watu walimpokea vizuri, walimchinjia kuku, walisema ndiyo bibi shamba, na alipopanda baiskeli wakapanda kama babu zao walivyopanda. Kisha ikaja barua kwamba serikali inapunguza wafanyakazi, na jina lake lilikuwamo. Akaichukulia barua hiyo kwa maana yake halisi. Kama nchi imeamua kwamba ushauri wake hauhitajiki, basi ushauri umekwisha. Zama za kugawa maarifa bure zimefungwa pamoja na maduka ya ushirika. Anayetaka kujua aje aulize. Hakuna aliyekuja, naye hakushangaa.

Sababu ya miche kuwa ndani ilikuwa moja, na kila mtu katika mtaa ule aliijua. Parokia ilikuwa na ardhi bondeni, kando ya mto, mahali ambapo maji hayakauki hata Septemba, wakati Bariadi nzima inakula mchicha wa kukaushwa. Kila mwaka ardhi ile iligawiwa matuta kwa akina mama, na kila mwaka nusu ya matuta iliota magugu, kwa sababu kuomba tuta ni rahisi kuliko kulilima. Safari hii katekista Jeremia alisimama baada ya misa akatangaza utaratibu mpya. Jumamosi ya kwanza ya Juni matuta yatagawiwa, na atakayepewa ni yule tu atakayekuja na miche yake mwenyewe, hai, ya kupandwa siku hiyohiyo. Asiye na miche hana tuta, na asije kulia.

Stephania aliusikia utaratibu huo kwa mshangao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kamati ya parokia kusema jambo lenye akili. Miche ya Juni lazima ipandwe Aprili, na mbegu ya nyanya iliyomwagwa nje Aprili huozeshwa na mvua, hupigwa na mawe, hufukuliwa na kuku. Kwa hesabu yake wengi wangefika bondeni mikono mitupu. Na yeye alilitaka tuta lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu ile barua. Halikuwa suala la nyanya tu. Bila tuta, angeendelea kula ugali unaotoka kwenye chupa za Marcelo.

Chupa za Marcelo zilikuwa hivi. Ushirika ulipoanguka, na wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, makarani walibaki wamekaa kwenye mabenchi wakieleza jinsi wangeweza kutajirika. Marcelo alikaa benchini mwaka mzima. Kisha akasikia kwamba kuna mapipa ya dawa ya pamba yanauzwa kwa bei ya kutupa, akanunua moja, akafungua kibanda kando ya barabara ya Lamadi, akaandika kwa rangi nyekundu PEMBEJEO ZA KISASA. Hakuna aliyemzuia. Zamani dawa iligawiwa na ushirika, na bwana shamba alikuwepo. Sasa ilitosha kuwa na pipa na mpira wa kunyonyea. Marcelo aliimimina dawa kwenye chupa za soda, akaziba kwa gunzi la muhindi, akauza.

Stephania alimkuta uani siku ya kwanza ya kumimina. Alisoma maandishi kwenye pipa, akanusa.

"Baba Wema, hii ni dawa ya mafuta. Ni ya bomba la betri, haichanganywi na maji. Imetengenezwa kwa ajili ya pamba."

"Dawa ni dawa."

"Ikinyunyizwa kwenye mboga changa inaunguza majani."

"Mdudu wa pamba ana meno, mdudu wa nyanya ana meno," Marcelo alisema, akiwa amebana mpira kwa kidole. "Mdudu ni mdudu. Mama Wema, ninyi mlisomeshwa na serikali mkaogopa kila kitu. Ndiyo maana hatukuendelea."

Alimtazama mwanamume aliyetumia miaka kumi na nne kusoma mizani na kukosea. Akaingia ndani. Baadaye aliwaona akina mama wa mtaani wakipita na chupa zilizozibwa kwa gunzi. Akamwona Nyanjige akiwa nazo mbili. Wengi wao walikuwa wamefanikiwa kuotesha miche kuliko alivyotazamia, maana walimwaga mbegu mara tatu na nne mpaka nyingine zikanusurika, na sasa walitaka kuilinda na wadudu. Stephania alijua watafanya nini. Watachanganya mafuta na maji kwenye beseni, mafuta yataelea juu, watachovya kifagio cha majani na kurushia miche, na kila tone litaacha doa la kuungua. Alijua, akaenda kugeuza makopo yake ili miche isiegemee upande mmoja. Hakuna aliyemwuliza.

Miche yake yenyewe ilikuwa kama iliyochorwa. Aliinywesha kwa chini, kwa kumimina maji kwenye sinia na kuyaacha makopo yavute yenyewe. Pembeni ya meza alisimamisha kipande cha bati jipya ili kirudishe mwanga upande wa ndani. Iliyozidi kwenye kopo aliikata kwa mkasi badala ya kuing'oa, ili isitikise mizizi ya iliyobaki. Katikati ya Mei ilikuwa na mashina manene ya rangi ya zambarau chini, na akaanza kuitoa barazani asubuhi, kwanza kwa muda mfupi, kisha kwa muda mrefu zaidi, iuzoee upepo na jua kali.

Marcelo alikuwa anapita pembeni ya meza kwa upande kama mtu anayepita kwenye msiba wa watu asiowajua.

"Watu wanauliza kama nimefilisika," alisema.

"Waambie ndiyo."

"Mwezi huu kuna mgeni. Bwana Fredrick, wa kampuni ya Mwanza. Anatafuta wakala wa kununua pamba. Nitamkalisha wapi, kwenye kopo?"

"Makochi yapo. Yameegemea ukuta, hayajakimbia."

Wiki ya mwisho ya Mei ikaja habari kwamba mjomba wake amefariki Lamadi. Stephania hakuwa na namna ya kutokwenda. Asubuhi ya kuondoka alijaza masinia maji, akayapanga makopo dirishani, akamwita Marcelo. Angeweza kumweleza. Angeweza kumwambia kwamba miche imefika hatua ambayo haihitaji chochote isipokuwa maji ya chini na mwanga, kwamba moshi, vumbi, dawa au hata ukarimu vinaweza kuiharibu. Lakini kumweleza Marcelo jambo lenye sehemu tatu kulimchosha kabla hajaanza.

"Usiguse," alisema, akaenda stendi.

Aliporudi baada ya matanga, alisikia harufu akiwa bado barazani. Ilikuwa harufu nzito ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na kitu kitamu kilichooza. Sebuleni Marcelo alikuwa amelala kwenye kochi, kitambaa chenye maji kipajini. Vitambaa vyeupe vya kufuma vilikuwa na madoadoa ya manjano. Mezani miche yake ilisimama kwenye makopo na vikombe vya magazeti, kila mmoja mahali pake kama alivyoipanga, na majani yake yamejikunja na kugeuka kahawia kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto.

Stephania alitua begi.

"Mama Wema," Marcelo alisema bila kufumbua macho. "Umerudi salama? Pole na msiba. Kichwa kinaniuma."

"Umepiga bomba humu ndani."

"Kidogo tu. Kumwonyesha Fredrick."

"Bomba la betri. Madirisha yamefungwa."

"Kulikuwa na upepo, dawa ingepotea." Alifumbua jicho moja. "Ulikuwa mpango mzuri. Nilitaka aone kwamba mimi si mtu wa mizani tu, najua pembejeo. Nikamwambia, bwana, tazama, hapa pana kitalu cha kisasa cha mke wangu, na hii ndiyo dawa inayokilinda."

"Kulikuwa na wadudu?"

"Hawakuwepo. Lakini wangekuja."

"Fredrick alisemaje?"

Marcelo aligeuza kitambaa kipajini. "Alitoka nje kukohoa," alisema. "Akasema ataleta habari."

Stephania hakupiga kelele. Kumpigia kelele mtu, alivyoona yeye, ni kumpa heshima ya kudhani kwamba ataelewa. Alifungua madirisha, akatoa makopo barazani, akayaosha majani kwa maji ya sabuni ingawa alijua amechelewa. Kisha akakwaruza shina moja kwa ukucha, chini kabisa. Ndani kulikuwa na kijani. Akakwaruza juu kidogo, kahawia. Hilo halikumpa jibu. Mche uliounguzwa na mafuta hufa kwa kushuka, siku kwa siku, kutoka juu kwenda chini. Kufa huko kunaweza kukoma mahali popote mche ukachipua upya, au kusikome. Mgawo ulikuwa kesho kutwa. Akakata majani yaliyokufa, akaiacha miche, wala hakukwaruza tena, kwa kuwa kila mkwaruzo ni jeraha na jibu lingekuwa tayari siku ya Jumamosi.

Jumamosi asubuhi alishuka bondeni na beseni kichwani, miche imepangwa ndani. Katekista Jeremia alikuwa ameshafika na kamba ya katani, akipima matuta na kuchomeka vijiti. Akina mama walikaa kwenye nyasi, kila mmoja na alichobeba: ndoo, sufuria iliyotoboka, kipande cha dumu. Stephania alitazama ndani ya vyombo hivyo alipokuwa akipita na hakuhitaji kuuliza. Miche ya kila mmoja ilikuwa na madoa ya kahawia, mingine majani mawili matatu, mingine yote.

Jeremia naye alikuwa ameyaona. Alikuwa mtu mrefu, mkulima wa pamba, aliyezoea kusema mambo mara mbili ili yakae.

"Nilisema miche hai," alisema. "Hai, nilisema. Hii ni nini? Mmeniletea majani ya tumbaku?"

"Ni umande, katekista," alisema mmoja.

"Umande gani wa Mei?"

"Ni ile mvua ya mwisho, ilikuwa na chumvi."

Stephania aliketi pembeni akasikiliza. Alikuwa amekwisha kusikia mengi katika kazi yake, ila mvua yenye chumvi ilikuwa mpya.

"Si umande wala mvua," alisema Nyanjige. Safari hii hakuwa anacheka. "Mbona ni ya watu wote, tena wiki moja? Kitu hiki kina mtu. Tangu mwezi uliopita nani anapita kwenye nyua zetu kila asubuhi kuomba moto? Anasimama, anatazama kitu, haondoki."

"Bibi Kabula," sauti ikasema nyuma.

"Mimi sijataja jina."

"Macho yenyewe mmeyaona yalivyo mekundu?"

Minong'ono ikapita kwenye nyasi. Jeremia alikohoa, akasema hapa ni kwenye ardhi ya Kanisa, lakini hakusema kwamba jambo lenyewe ni upuuzi. Bibi Kabula alikuwa mjane aliyepikia kinyesi cha ng'ombe kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkatia kuni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Stephania alijua maneno ya namna ile huishia wapi katika nchi ile. Aliwahi kufika kijijini na baiskeli yake asubuhi ambayo maneno kama hayo yalikuwa yamekwisha kufika kwenye mapanga, na hapakuwa na mtu wa kumfundisha nafasi kati ya shina na shina.

Akasimama.

"Ni dawa," alisema.

Wakageuka.

"Mlinyunyizia dawa ya chupa. Ya gunzi. Ni dawa ya pamba, ina mafuta, haichanganywi na maji, na mboga changa haiwezi kuihimili. Madoa hayo ni matone. Kila doa ni mahali tone lilipotua. Yatazameni, ni ya mviringo. Jicho la mtu haliachi madoa ya mviringo."

Mwanamke mmoja aliinua mche wake karibu na uso. Mwingine akafanya vivyo hivyo.

"Dawa ya Marcelo?" Nyanjige aliuliza.

"Ya Marcelo."

"Marcelo mumeo?"

"Sijui Marcelo mwingine anayeuza dawa kwenye chupa za soda."

Kumtaja mume hivyo mbele za watu, tena mbele ya katekista, lilikuwa jambo ambalo baadhi yao wangelizungumza kuliko nyanya. Nyanjige hakuonekana kulijali.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipofungua pipa."

"Uliniona nikipita na chupa mbili. Uliniona, mayu. Ulikuwa unageuza makopo yako dirishani, nikakupungia mkono."

"Hukuniuliza."

"Nitauliza vipi kitu ambacho sijui kama kipo?"

Katika miaka yake yote ya kuzunguka vijijini Stephania hakuwahi kuulizwa na mkulima swali lililonyooka kama lile. Aliinama kwenye ndoo ya Nyanjige.

"Leta nione ipi inafaa," alisema. "Shina likiwa na kijani ndani mpaka juu ya yale majani mawili ya kwanza, mche utachipua. Likiwa kahawia, tupa."

Nyanjige alikuwa amepanda nyanya kama pamba. Watu wa huku wamezoea mbegu ya pamba waliyopewa bure gunia kwa gunia, wanaitupa konzi nzima kwenye shimo moja kisha wanapunguza baadaye, au hawapunguzi. Katika bonge la udongo lililochimbwa zima na kutiwa kwenye ndoo ile, miche ilikuwa imesongamana kama nywele, myembamba, imepauka, mfano wa kila kosa ambalo Stephania aliwahi kulikemea. Ile ya pembeni ilikuwa imeungua yote. Ile ya katikati, iliyofunikwa na wenzake, haikuguswa na tone hata moja. Aliikwaruza mmoja mmoja. Kijani. Kijani. Kijani.

"Hii ni hai," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo asichokipenda. "Kwa bahati. Si kwa akili. Usije ukadhani umefanya vizuri."

"Sijadhani," alisema Nyanjige. "Ila ni hai."

Alipita ndoo kwa ndoo, sufuria kwa sufuria. Jeremia alimfuata nyuma akichomoa na kuchomeka vijiti kulingana na neno lake: huyu ana miche, huyu hana, huyu anayo michache, apewe nusu tuta. Walikuwa wamerushia kwa kifagio, dawa imezimuliwa kwa maji, na wengi waliokoka na kitu. Hakuna aliyembishia. Hilo nalo lilimkera, kwa sababu sasa walikuwa wanamwamini bila kuelewa, kama walivyomwamini Marcelo.

Mwisho likabaki beseni lake.

Hakuwa na haraka, wala hakuchelewesha. Alichukua mche wa kwanza, akakwaruza chini kabisa ya shina, pale palipokuwa na kijani siku alipotoka Lamadi. Kahawia. Wa pili, kahawia. Yake ilikuwa imepigwa kwa bomba, dawa ikiwa haijatiwa maji, ndani ya chumba kilichofungwa, mbele ya mgeni aliyetakiwa kuvutiwa. Na kwa kuwa ilikuwa imepangwa kwa nafasi sahihi, hakuna mche uliomkinga mwenzake. Alikwaruza yote. Mashina yalikuwa bado yamesimama, manene, yaliyokatwa majani vizuri. Kwa macho ilikuwa miche mizuri kuliko yote bondeni pale, na hakuna mtu mwingine aliyejua kusoma alama ya ukucha.

Jeremia alishika kijiti cha tuta la kwanza karibu na maji, zuri kuliko yote.

"Hili nadhani ni lako, bibi shamba. Unasemaje?"

"Imekufa," alisema Stephania.

"Yote?"

"Yote."

"Mbona imesimama?"

"Hata mlingoti umesimama."

Jeremia alikuna shingo. "Sasa, umetusaidia. Tuseme tunakupa tuta kwa heshima, kwa heshima tu, miche utatafuta baadaye."

"Ulitangaza kanisani kwamba asiye na miche hana tuta. Ndilo jambo pekee la maana lililowahi kutoka kwenye kamati yenu. Usiliharibu siku ya kwanza."

Tuta la kwanza likapewa mwanamke mwingine, ambaye mara moja alianza kuchimba vishimo vya kina cha kidole. Stephania alimwaga makopo yake kwenye nyasi, akayapanga ndani ya beseni, akajitwika. Alifika mpaka njiani. Akageuka.

"Si hivyo!" alisema kwa ukali. "Mnazika mizizi tu, kama mnapanda vitunguu. Zika shina mpaka kwenye majani ya kwanza. Shina la nyanya likizikwa linatoa mizizi. Mnataka nirudie mara ngapi?"

"Ndiyo mara ya kwanza kusema, mayu," Nyanjige alijibu bila kuinua kichwa, na akachimba zaidi.

Alirudi, akatua beseni, akamnyang'anya yule mwanamke jembe. Ilikuwa mchana alipomaliza kuwakosoa.

Alipofika nyumbani alimkuta Marcelo amesimama mlangoni, amevaa shati la kwenda mjini, jasho linamtiririka. Kuelekea kibandani, kando ya barabara ya Lamadi, akina mama waliotangulia kutoka bondeni walikuwa wamekusanyika na chupa zao mkononi, na wengine walikuwa bado wanakuja.

"Mama Wema, afadhali umekuja," alisema. "Kuna mtu amewajaza maneno hawa. Wanasema dawa yangu inaunguza. Mimi hawanisikilizi. Nenda uwaambie wewe, wewe wanakuamini."

Stephania alimpita akaingia sebuleni. Alilitua beseni juu ya kochi, kwenye kitambaa chenye madoa.

"Nimeshawaambia," alisema, akaanza kuyatoa makopo moja moja kwenda kuyaosha.